Nikimpiga mdogo wangu MRI, sonona yake itaonekana?

Swali kama lilivyonifikia, nimelikata kidogo tu: "Dokta shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, ni fundi simu hapa Mwanza. Tangu mwezi wa pili hafungui kibanda, halali, anakula vijiko viwili anaacha, ukimsemesha anakujibu kama yuko mbali. Tulimpeleka hospitali wakasema ni sonona wakampa dawa, kanywa siku kumi akaacha maana haoni tofauti. Baba anasema ni uvivu, wajomba wanasema karogwa. Nimesikia wenzetu huko nje wana picha ya ubongo inamuonyesha mtu mwenye sonona. Nina kiwanja kidogo Buswelu, na kikoba tunagawana karibuni. Nikimpiga MRI itaonekana? Nataka karatasi niwawekee hawa wazee mezani."

Marahaba dada yangu, na pole sana. Nimesoma meseji yako mara mbili, na palipobaki kichwani mwangu ni hapo mwisho pa karatasi ya kuwawekea wazee mezani, maana hapo ndo nimeelewa kwamba hutafuti kipimo peke yake, unatafuta shahidi. Ntakujibu yote mawili ila itakuwa ndefu kidogo, hili jambo nimeishi nalo, miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta nachambua picha za ubongo za watu wenye sonona kabla sijarudi kukaa na wagonjwa wenyewe.

La kipimo kwanza, usije ukampigia dalali kabla hujamaliza kusoma: hapana, MRI haitaonyesha sonona ya mdogo wako. Na sio kwasababu mashine zetu ni duni, hata ukimpandisha ndege ukampeleka kwenye mashine kali kuliko zote, bado hakuna daktari atakayeangalia picha ya ubongo wake yeye peke yake akasema huyu anayo au huyu hana. Marekani ambako hizo mashine ni nyingi mno, wataalamu wa chama chao cha madaktari wa magonjwa ya akili walipitia tafiti zilizokuwepo na mwaka 2018 wakachapisha kwamba picha za ubongo bado hazijafikia hatua ya kutumika kumpima mgonjwa mmoja mmoja sonona, wasiwasi uliopitiliza na magonjwa mengine ya hisia, wala kumchagulia tiba.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la leo leo. Kaa na mdogo wako mahali pametulia, umuulize kwa maneno ya wazi kama amewahi kufikiria kujiua au kama anatamani asiamke. Najua linatisha kulitamka, watu wengi wanaogopa kwamba ukiuliza unampandikizia wazo, sio kweli, aliye na wazo hilo mara nyingi anashusha pumzi akipata mtu wa kumuuliza bila kumgombeza. Akisema ndio, na hasa akisema ameshafikiria atafanyaje, usimwache peke yake hata usiku mmoja, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za kuulia wadudu, sumu ya panya na hizo dawa zake mwenyewe zitoke pale nyumbani au zikae kwa mtu. Hili ni la kwanza kuliko yote ntakayosema huku chini.

Sasa turudi kwenye karatasi yako ya mezani. MRI tunayopiga kwenye hospitali zetu inaangalia umbo la ubongo, kuna uvimbe, kuna damu imevuja, kuna sehemu imekufa kwa kiharusi, kuna maji yamejaa. Kijana wa miaka 27 mwenye sonona ukimpiga hiyo, uwezekano mkubwa kabisa ni kwamba ripoti itarudi imeandikwa ubongo wake uko kawaida. Fikiria hiyo karatasi sasa iko mezani mbele ya baba. Nilishaona hii, mama mmoja alikuja kwangu na bahasha kubwa ya picha za binti yake, walichanga ukoo mzima, majibu yakatoka safi, na kuanzia siku ile baba mdogo wa yule binti akawa anasema mmeona sasa, kichwa kizima, huyu anaigiza. Binti aliacha kuja kliniki miezi mitatu. Yani pesa yao ilinunua ushahidi wa upande wa pili, na ule ushahidi ulikuwa wa uongo, kwasababu ripoti safi ya MRI haisemi mtu hana sonona, inasema tu hana uvimbe wala kiharusi. Ndo maana nakwambia usiuze kiwanja kwa ajili hiyo.

Ila habari uliyoisikia haijatoka hewani, picha unazozisema zipo, nimezitengeneza kwa mikono yangu, na ni vizuri uelewe zinatoka wapi ili mtu akikuletea simu yake akakuonyesha ubongo una madoa mekundu ujue unaangalia nini.

Mwaka 1990 mwanasayansi wa Kijapani Seiji Ogawa, akiwa anafanya kazi kwenye maabara za Bell kule Marekani, alionyesha kitu kwa wanyama wa maabara kilichofungua mlango wote huu: damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi damu mpya inakimbilia pale, na mashine ya MRI inaweza kuliona hilo badiliko bila kumdunga mtu sindano wala kumpiga mionzi. Miaka miwili baadae ikawa inafanyika kwa binadamu. Hiyo ndo fMRI, na kuanzia hapo ikawa mtu analazwa kwenye mashine, anaonyeshwa sura za watu wenye hofu au anaambiwa akumbuke msiba, huku picha zinapigwa kila baada ya sekunde mbili hivi.

Lakini angalia kinachopimwa ni nini. Ni kama umesimama nje ya nyumba ya jirani usiku unaangalia mita yake ya LUKU, ukiona uniti zinakwenda mbio unajua ndani kuna kitu kinakula umeme, ila mita haikwambii kama ni pasi au ni friji, na kama mle ndani wanalia au wanacheka pia haikwambii. Kwenye picha za ubongo hali ni ngumu zaidi ya hapo, kwasababu kile kitone kimoja cha picha, chenye upande wa kama milimita tatu, ndani yake kuna seli za neva mamia ya maelfu, na damu yenyewe inachelewa, inafika kileleni sekunde tano sita baada ya seli kufanya kazi yake. Na yale madoa mekundu sio rangi iliyokuwepo mle ndani. Kompyuta imelinganisha picha nyingi, ikafanya hesabu ya takwimu, ikapaka rangi pale ambapo tofauti imevuka mstari tuliouchora sisi wenyewe, na huo mstari ukiushusha kidogo ubongo mzima utawaka, ukiupandisha utazima. Nimekaa usiku mwingi nikiusogeza huo mstari kwa hiyo hapa siongei habari ya kusimuliwa.

Na pamoja na hayo yote kuna mambo ya kweli na mazito yamepatikana. Linalonigusa mimi mpaka leo ni la Helen Mayberg, daktari wa neva. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha kazi iliyotumia PET, hiyo ni mashine nyingine inayofuatilia dawa yenye mionzi kidogo ndani ya damu. Walichukua watu wazima wa afya wakawaambia wakumbuke jambo la huzuni katika maisha yao, na wakachukua wagonjwa wa sonona kabla na baada ya kupona kwa fluoksetini, moja ya dawa za sonona. Wale wa afya walipozama kwenye huzuni, sehemu moja ndogo iliyofichika katikati ya ubongo, usawa wa ndani kabisa ya paji la uso, inaitwa eneo la 25, ilipanda, na sehemu za mbele za juu zinazosaidia mtu kupanga na kuweka umakini zikashuka. Wagonjwa walipopona ikawa kinyume chake, eneo la 25 likashuka na zile za mbele zikapanda. Jinsi nilivyoielewa mimi siku niliyoisoma mara ya kwanza ni kwamba huzuni na umakini vinavutana kamba moja, na mtu mwenye sonona kamba imekwama upande mmoja. Mdogo wako anayekujibu kama yuko mbali, anayeshika simu ya mteja halafu hakumbuki alikuwa anafungua nati gani, sio kwamba hataki.

Mayberg hakuishia hapo. Akiwa Toronto na daktari wa upasuaji Andres Lozano, mwaka 2005 wakachapisha habari za wagonjwa sita ambao sonona yao ilikuwa imegoma kwa dawa, kwa mazungumzo, wengine mpaka kwa tiba ya umeme. Waliwapitishia nyaya nyembamba mpaka karibu na lile eneo la 25 wakawasha umeme mdogo wa mfululizo. Wagonjwa walikuwa macho mle chumba cha upasuaji, na baadhi yao walisema ghafla wanasikia utulivu, kama uzito umetoka. Baada ya miezi sita wanne kati ya sita walikuwa bado wana nafuu kubwa. Mimi nilikuwa kijana wakati naisoma ile na niliamini tumefika.

Hatukuwa tumefika. Ulikuja utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 90, wote wakawekewa nyaya ila wengine umeme uliwashwa na wengine haukuwashwa bila wao kujua, na baada ya miezi sita makundi mawili hayakuachana vya kutosha, utafiti ukasimamishwa kabla ya kumaliza. Majibu yalichapishwa mwaka 2017. Walipoendelea kuwafuatilia wagonjwa walewale na umeme umewashwa kwa wote, wengi walizidi kupata nafuu kadri muda ulivyokwenda, mpaka miaka miwili, kwahiyo mlango haukufungwa, watafiti bado wapo pale wanaendelea, ila ule uhakika wa mwanzo uliondoka.

Sasa njoo kwenye swali lako hasa, la mtu mmoja. Kuna sehemu nyingine ya ubongo inaitwa hipokampasi, inahusika sana na kumbukumbu, na kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kwa watu wenye sonona imesinyaa. Mwaka 2016 watafiti wa nchi mbalimbali waliunganisha picha za wagonjwa 1,728 na za watu wasio na ugonjwa 7,199, na kweli ikaonekana, hipokampasi za wagonjwa kwa wastani zilikuwa ndogo kwa asilimia 1.24. Ni tofauti ya kweli. Lakini hebu ifikirie kwa urefu wa watu, ni kama wanaume wa kijiji kimoja kwa wastani ni wafupi kwa sentimita moja kuliko wa kijiji cha pili. Ukipima maelfu utaiona hiyo sentimita bila shida, ila akija mwanaume mmoja anatembea barabarani, kwa kumuangalia urefu tu utaweza kusema anatoka kijiji kipi? Huwezi, na ukijaribu utakosea karibu nusu ya mara zote. Na kitu kingine kwenye utafiti huohuo, waliokuwa na sonona mara ya kwanza hawakuwa na hiyo tofauti, ilitoka kwa wale ambao ugonjwa umewarudia rudia. Mdogo wako kama hii ni mara yake ya kwanza hata ile sentimita moja hatuitegemei.

Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walifanya zoezi ambalo nadhani lingetosha kukujibu peke yake. Walichukua watu 1,809, karibu nusu wana sonona au waliwahi kuwa nayo na waliobaki hawana, wakapima ubongo kwa kila namna, umbo, njia za mawasiliano kati ya sehemu na sehemu, ubongo ukiwa kazini, ubongo ukiwa umepumzika, mpaka vinasaba. Walipoweka makundi mawili pamoja, kwa vipimo vyote yalifunikana kwa asilimia 87 mpaka 95. Na kompyuta ilipopewa kazi ya kubashiri nani mgonjwa kwa kutumia kipimo kimoja kimoja, ilipatia kati ya asilimia 54 na 56. Shilingi ukiirusha juu ukabashiri kichwa au mwenge utapatia 50.

Kwahiyo mtu akikwambia ana kipimo cha ubongo cha kuonyesha sonona, awe na mashine ya mamilioni au kile kifimbo cha kushika mkononi kilichounganishwa na kompyuta ndogo ambacho wanakitembeza kwenye maonyesho wakidai kinasoma mwili mzima kwa dakika mbili, muulize hilo la asilimia.

Utaniuliza mbona basi zamani ilikuwa inaandikwa kila siku kwamba imepatikana sehemu ya huzuni, sehemu ya hofu. Hapa inabidi niseme ukweli kuhusu fani yangu, na nausema nikiwa naipenda. Tulikuwa tunapima watu wachache mno. Mashine ni ghali kwa saa, kwahiyo utafiti wa kawaida ulikuwa na watu ishirini na kitu, na ukiwa na watu ishirini na kitu bahati tu inaweza kukuchorea doa jekundu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimuweka samaki, samoni, tena aliyekufa, kwenye mashine ya MRI wakamuonyesha picha za watu, wakafanya hesabu kama wengi walivyokuwa wanafanya bila kusahihisha idadi kubwa ya vitone vinavyopimwa kwa pamoja, na ubongo wa yule samaki mfu ukatoa doa jekundu. Mwaka 2016 Anders Eklund wa Sweden na wenzake wakaonyesha kwamba programu zilizokuwa zinatumika sana, kwa aina fulani ya hesabu, zingeweza kutoa majibu ya uongo mpaka asilimia 70 wakati zilitakiwa zisizidi 5. Mwaka 2020 timu 70 zikapewa data ileile moja na maswali yaleyale tisa, hakukuwa na timu mbili zilizochambua kwa njia moja, na kwa baadhi ya maswali majibu yakapishana kabisa. Na mwaka 2022 kundi jingine lilipotumia data za watu kama 50,000 likasema kuunganisha tofauti za ubongo na tofauti za tabia au afya ya akili kunataka maelfu ya watu, sio 25.

Hata ile habari ya amigdala, hicho kipande chenye umbo la lozi ambacho mtandaoni wanakiita kituo cha hofu na huzuni. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 99 ya sonona yaliyokwishafanyika wakatafuta kama yanakutana mahali pamoja kwenye ubongo, na hayakukutana popote. Siku ile nilikaa kimya ofisini muda mrefu, maana baadhi ya niliyokuwa nawafundisha wanafunzi ilibidi niyafute.

Na hizo data zote ni za watu wa Ulaya, Marekani na Asia karibu peke yao. Watu wetu hawamo, au wamo kiduchu sana. Kule Mbarara, Uganda, chuo kikuu chao kwa kushirikiana na Waholanzi mwaka 2022 walifunga MRI ya sumaku ndogo isiyohitaji umeme mkubwa wala chumba cha gharama, lengo likiwa watoto wenye vichwa vikubwa vya kujaa maji. Mimi natamani sana kuona kazi za namna ile zikiongezeka huku kwetu, ila hiyo pia sio ya kupimia sonona.

Sasa usije ukanielewa kwamba MRI haina kazi kabisa kwa mtu mwenye mabadiliko ya akili. Ina kazi pale tunapohofia kwamba kuna kitu kingine kimejificha nyuma ya ile huzuni. Niambie au mwambie daktari wenu kama mdogo wako aliwahi kuanguka na bodaboda akapoteza fahamu, kama ana degedege, kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, kama kichwa kinamuuma kila asubuhi na kutapika, kama anaona vibaya, kama anachanganyikiwa hajui leo ni siku gani, au kama tabia yake imegeuka kabisa kama mtu mwingine. Ikiwa mojawapo ipo basi hapo kipimo cha kichwa kina maana na ntakuwa wa kwanza kukusukuma ukakifanye. Vinginevyo kuna vipimo vya damu vya bei ya kawaida ambavyo watu wanavisahau, wingi wa damu, tezi ya thairoidi, VVU, kaswende, kwasababu hivi vinaweza kuleta au kuongeza hali inayofanana na sonona na vina tiba yake. Anza na hivyo.

Kuhusu dawa. Siku kumi hazitoshi, dada. Hizi dawa za sonona, iwe amitriptilini au fluoksetini au nyingine, kwa kawaida zinachukua wiki mbili mpaka nne kabla mtu hajaona unafuu wa maana, na wengine wiki sita, wakati madhara madogo madogo kama kinywa kukauka, usingizi au kichefuchefu yanatangulia siku za mwanzo. Kwahiyo mtu anapata ubaya kwanza na uzuri baadae, na kama hakuna aliyemwambia mapema ataacha, mdogo wako hajafanya kosa, hakuelezwa. Mrudishe kwa daktari aliyemuandikia, amwambie ukweli kwamba aliacha, waamue kama ni ileile au nyingine, na akishapona asiikatishe ghafla, kwa kawaida tunaendelea angalau miezi sita baada ya nafuu. Na swali moja daktari asipouliza mkumbushe nyie: je amewahi kuwa na kipindi cha kinyume chake, siku kadhaa halali lakini ana nguvu za ajabu, anaongea bila kituo, anatumia hela hovyo, anajiona mkubwa? Kama ndio ni ugonjwa mwingine wenye tiba tofauti, na dawa za sonona peke yake zinaweza kumvuruga. Hilo pia, dada, linajulikana kwa kuuliza, hakuna picha inayolitoa.

Sasa shahidi.

Nadhani wazee wako hawamchukii huyo kijana, wanaogopa, na mtu akiogopa anashika maelezo anayoyajua, uvivu au mchawi. Usiwaletee habari za ubongo na Wamarekani, wataona unawasomesha. Ntakusimulia ya jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kule Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, watafiti walianza kwa kuuliza wanakijiji wenyewe ni shida gani zinawasumbua watu baada ya UKIMWI kupita, na watu wakataja kwa Kiganda chao magonjwa mawili, moja maana yake ni kama kujichukia na jingine kama kujihurumia, na dalili walizozitaja zilikuwa zinaingiliana kwa kiasi kikubwa na zile za sonona vitabuni. Hawakuwahi kuona MRI. Walikuwa na macho na walikuwa na jina. Wakachukua vijiji 30, nusu wakaanzishiwa vikundi vya mazungumzo, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi. Mwanzoni kwenye vikundi watu 86 kati ya 100 walikuwa na sonona kamili, mwishoni wakabaki sita na nusu kwa mia. Kwenye vijiji vilivyosubiri walitoka 94 wakabaki karibu 55. Yalichapishwa mwaka 2003, na sijawahi kuona doa jekundu lililomfanyia mtu kazi ya namna ile.

Kwahiyo shahidi wako ni yale unayoyaona wewe kila siku, ila yawekwe vizuri. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku: amelala saa ngapi ameamka saa ngapi, amekula nini, ameoga au hakuoga, ametoka nje, amesema nini kuhusu nafsi yake, vitu alivyokuwa anavipenda (mpira, simu zake, marafiki) amevigusa au hakuvigusa, anaharakisha au anatembea kama kabeba mzigo. Sisi madaktari sonona tunaitambua hivyohivyo, dalili tisa tunaziangalia kwa muda usiopungua wiki mbili, na daftari la dada anayeishi naye nyumba moja lina thamani kwangu kuliko bahasha ya picha.

Alafu baba msimkusanyie kikao. Muombe yeye ndo amsindikize mwanae kliniki safari hii, kama mzazi, wewe kaa pembeni. Daktari akimwambia mzee uso kwa uso kwamba mzee wangu huyu anaumwa, tena ugonjwa wenye tiba, inaingia tofauti kabisa na wewe binti yake ukimwambia. Muulize baba kabla ya kwenda swali moja tu, huyu mtoto kabla ya mwezi wa pili alikuwa mvivu? Maana umeniambia ana kibanda, na kibanda cha fundi simu hakijengwi na mvivu. Aache alijibu mwenyewe. Na wajomba wakitaka dua au maombi waache wafanye, ilimradi asifungwe, asichapwe, asilishwe vitu na asiachishwe dawa.

Hela ya kikoba itumie kwa nauli za kliniki, vipimo vya damu, dawa za miezi ya mwanzo, na chakula atakachokuwa na hamu nacho hamu ikianza kurudi. Kibanda usikivunje wala usikipangishe mtu, funga tu, lipa kodi ya mwezi huu na ujao. Na kabla hujalala leo niandikie alivyojibu lile swali la kwanza.